Saa Inayonisikilizia

Jumatatu, 10 Machi

Mzigo wa Nanyama umefika leo. Dada yangu yuko Doha, anafanya kazi kwa nyumba ya watu, na tangu nijifungue amekuwa akiniambia kwa video kwamba kuna saa anataka kunitumia. Nilidhani ni saa ya urembo. Kumbe ni ile ya kisasa, nyeusi, ya mkanda wa mpira, inayoshirikiana na simu.

Anataka niandike kila kitu: ikinisaidia, ikinisumbua, na kile ambacho ingefaa iwe nacho. Mwenye nyumba ile anakofanya kazi yeye anayo moja kama hii, na kazi yake ni kumwambia tu ametembea kiasi gani. Basi naandika.

Mimi ni Joan. Niliugua homa ya uti wa mgongo nikiwa darasa la kwanza kule Bungoma, na nilipopona masikio yalikuwa yamezima. Nakumbuka sauti chache: jogoo, mvua, mama akiniita. Ninashona sare za shule. Mume wangu Ken anachomelea mageti, yeye anasikia, na alijifunza lugha ya ishara kwa sababu yangu. Tunakaa Sarang'ombe, Kibera, chumba kimoja na pazia katikati. Mtoto wetu anaitwa Osewe, jina la babake Ken aliyefariki. Ana miezi mitano na meno hana, lakini ngumi anazo.

Nilimpelekea Billy saa, yule fundi wa simu pale kwa kona. Billy huniangalia usoni akiongea, kwa hivyo midomo yake naisoma vizuri.

"Madam, saa yenyewe haisikii," aliniambia. "Simu ndio inasikia. Mtoto akilia, simu inajua ni kilio cha mtoto, inaambia saa, saa inatetemeka kwa mkono. So simu ikae karibu na yeye. Na iwe na chaji. Chaji ikiisha, hapo ni wewe na Mungu."

Jumanne, 11 Machi

Ken alilala kitandani akajifanya mtoto, akalia hadi jirani Audrey akaja kuchungulia. Saa ilimkataa.

Jumatano, 12 Machi

Nilikuwa naosha nepi nje ya mlango. Mkono wangu ukatetemeka. Nikatazama: picha ndogo ya mtoto, na maneno ya Kiingereza kwamba mtoto analia. Nikaingia ndani na povu mikononi. Osewe alikuwa amekunja uso, mdomo wazi, miguu hewani, analia kwelikweli.

Nimekuwa mama kwa miezi mitano na leo ndiyo mara ya kwanza mwanangu kuniita nikiwa simwoni, nikaja. Kabla ya hii nilikuwa nafunga kitambaa mguuni pake na ncha ya pili mkononi mwangu, na kila kazi nilifanya shingo ikiwa imegeuka. Nilimbeba, nikakaa sakafuni na nepi zangu zikaachwa nje. Asante, Nanyama. Asante kwa jua la huko unalolivumilia.

Jumapili, 23 Machi

Mama mkwe amefika kutoka Homa Bay, na mvua ya masika imefika naye. Alishuka na gunia la njugu, kuku aliyefungwa miguu, na mwavuli uliovunjika mbavu. Anaitwa Nereah. Ni mwanamke mrefu, hatabasamu bila sababu. Alimchukua Osewe mikononi mwangu kabla hata sijamsalimia, akamwambia maneno mengi ya Kijaluo, na Osewe akamkojolea. Hapo alicheka.

Lakini jioni, Ken akiwa amesimama mlangoni na mimi nakatakata sukuma, niliona midomo ya mama mkwe kwa upande. Watu husahau kwamba macho yangu yanafanya kazi.

"Mvua ikiisha nitaenda na mtoto nyumbani," alimwambia Ken kwa Kiswahili, pengine kwa sababu kuku yule alikuwa anapigwa bei na Audrey na kila mtu alikuwa anaongea Kiswahili. "Mtoto hawezi kulelewa na mtu hasikii. Akianguka? Akichomeka? Huyu msichana ni mzuri, sikatai. Lakini hasikii."

Ken alisema, "Mama, tutaongea."

Hakusema hapana. Nimeandika hapa kwamba hakusema hapana.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua.

Jumamosi, 29 Machi

Nanyama, hii ndiyo ripoti ya usumbufu. Saa imenitetemesha kwa ajili ya mtoto wa Audrey, aliye nyuma ya ukuta wa mabati. Imenitetemesha kwa paka wawili waliokuwa wanapigania kichwa cha samaki. Jana ilinitetemesha kwa mhubiri wa pale kwa uwanja, ambaye nadhani alikuwa analia kwa ajili ya dhambi zetu. Kila mara naacha kazi, nakimbia, nakuta Osewe amelala kama mzee wa kanisa.

Mama ameona haya yote. Aliniuliza kwa kunyoosha kidole kwenye saa, kisha kwenye kichwa chake, kisha akazungusha kidole: hii kitu ni mwendawazimu?

Nilitamani kucheka naye. Sikuweza.

Saa nzuri ingejua kilio cha mtoto wangu na cha mtoto wa jirani. Mimi ningekuwa nasikia ningejua.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimerudi kazini kwa Mutiso, Kawangware 46. Osewe amebaki na Mama. Siku nzima nimeshona kola. Saa iliniambia nimekaa sana, nisimame. Nilimwonyesha Mutiso, mwenye karakana, akasoma, akatikisa kichwa.

"Hiyo saa haijawahi kuwa na order ya sare za kumaliza kabla shule zifunguliwe," alisema.

Mutiso ni mtu wa maneno machache lakini leo alinishangaza. Aliona naangalia mkono kila saa, akaniuliza kama ni mtoto. Nikamwandikia kwenye simu kwamba huku Kawangware saa haiwezi kuniambia kitu, mtoto yuko Kibera. Akafikiri. Akasema nibebe vitambaa nikashonee nyumbani hadi mvua iishe, yeye atakuwa akinitumia kazi. Cherehani ya mkono ya zamani iliyokaa pembeni amenipa niitumie.

Sikujua nimshukuru vipi. Nilimwekea kola zote kwa mpangilio wa saizi kabla sijaondoka.

Jumatano, 16 Aprili

Ninaandika mkono ukinitetemeka, na si saa.

Stima zilipotea jana asubuhi baada ya transfoma kulipuka kwa mvua. Simu ilizima, saa ikafuata. Nilimwambia Mama kwa sauti yangu, ile sauti ambayo watu huigeukia barabarani, kwamba saa imekufa, na mtoto akilia aniguse. Aliitikia kwa kichwa. Nikakaa na cherehani dirishani, kwenye mwanga, kwa sababu kitambaa cha bluu iliyokolea na uzi wake huwezi kushona gizani. Osewe alikuwa amelala kitandani nyuma ya pazia, Mama amekaa kwa stuli karibu naye.

Niliinuka kumwangalia, kama ninavyofanya. Nilipovuta pazia nilimkuta Osewe amelia hadi uso umekuwa wa zambarau, kamasi hadi kidevuni, sauti bila shaka imekwisha. Na Mama amekaa palepale, mikono kwenye mapaja, ananitazama mimi.

Ken aliporudi alimwambia mbele yangu. Hakuficha. "Nilimwacha alie nione. Nilihesabu hadi nikachoka kuhesabu. Hakugeuka."

Ken alitafsiri kwa mikono, na mikono yake ilikuwa mizito. Nilimwomba atafsiri yangu. Nilisema: "Mwambie mimi sikusikia kwa sababu siwezi. Yeye alisikia."

Ken aliangalia chini kidogo. Kisha akamwambia yote, neno kwa neno, nilimwona. Na akaongeza lake: "Na mtoto haendi popote, Mama. Nilifaa kukuambia siku ile ya kwanza."

Mama alichukua leso yake akajifunika mabega.

Alhamisi, 17 Aprili

Stima zimerudi. Hatuongei. Osewe amejua kukaa.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua kubwa, siku ya tatu mfululizo, na nimegundua jambo. Mvua ikipiga mabati, saa haijui lolote. Osewe alilia nikimwangalia kwa macho, simu iko karibu na kichwa chake, na mkono wangu umetulia kama mkono wa maiti. Nilikimbia kwa Billy na gumboot za Ken.

"Si makosa ya saa," Billy alisema akipiga kelele, nilijua kwa mishipa ya shingo. "Hata mimi saa hii sijisikii! Hiyo kitu ilitengenezwa na watu wa nyumba za mawe. Hawajui mabati."

Tulikaa kibandani mwake tukiitengeneza upya kwa mdomo. Yeye alitaka betri ya wiki nzima na kioo kisichopasuka. Mimi nilitaka kidude kidogo cha kufunga kwenye nguo ya mtoto, kinachohisi kifua chake kikipanda na kushuka, hata mvua ikinyesha, hata stima zikipotea. Na iniambie kwa Kiswahili. Billy alisema mtu akitengeneza hiyo, yeye atakuwa wa kwanza kuuza.

Nilirudi nimelowa. Mama alikuwa na Osewe kifuani, anamwimbia. Nilijua kwa jinsi koo lilivyokuwa linacheza. Nilisita mlangoni. Aliniona, akachukua mkono wangu uliolowa, baridi vile ulivyokuwa, akauweka mgongoni mwake mwenyewe, chini ya bega. Wimbo ulikuwa mle ndani. Unapanda, unakaa, unashuka. Osewe alikuwa anausikia kwa upande mmoja na mimi kwa upande mwingine.

Sijui kwa nini alifanya vile. Sikuondoa mkono hadi akamaliza.

Jumamosi, 3 Mei

Nitajaribu kuandika kwa utaratibu.

Ilikuwa mchana. Mvua ilikuwa inapiga mabati, nilijua kwa sababu maji kwenye ndoo yalikuwa yanatetemeka. Mimi niko kwa cherehani, nashona mikono ya mashati. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua njugu za nyumbani kwenye uteo, Osewe amekaa mbele yake ameegemezwa mto. Sufuria ilianza kuchemka. Mama aliweka uteo juu ya stuli, akageukia jiko akoroge. Mgongo wake ukawa kwa mtoto. Hakukosea. Jiko liko hatua mbili tu, na anasikia.

Mimi kila nikimaliza mshono huinua macho. Ni mazoea, kama wengine wanavyopiga miayo. Niliinua macho, nikamwona Osewe amekaa wima, mkono mmoja mdomoni. Nikashona. Nikainua macho tena. Mdomo ulikuwa wazi, na hakuna kilichokuwa kinatendeka. Hakuna kukunja uso, hakuna miguu. Macho yake yalikuwa makubwa na yalikuwa yananitazama mimi. Midomo ilikuwa inageuka rangi.

Niliangusha cherehani. Mama alishtuka kwa kishindo, akageuka, akaupiga uteo njugu zikamwagika, lakini nilikuwa nimeshamchukua. Kule kliniki muuguzi alituonyesha kwa mdoli, na kwa kuwa sisikii nilikuwa nimekaa mbele kabisa nikitazama mikono yake tu. Nilimlaza Osewe kifudifudi juu ya mkono wangu wa kushoto, kichwa chini, taya lake kwenye kiganja. Nikampiga katikati ya mabega. Hakuna. Nikapiga tena. Mwili wake ulikuwa mzito kwa namna ambayo haijawahi kuwa. Nikapiga, nikapiga. Njugu ikaanguka kwenye mkeka, nzima, na maganda yake mekundu.

Nilimgeuza. Bado macho yale. Nilikuwa naangalia kifua chake na nilikuwa namwomba Mungu kwa mdomo wazi, pengine nilikuwa napiga kelele, sijui.

Ndipo mkono wangu ukatetemeka.

Sijui mvua ilikuwa imepungua saa ngapi. Ila saa ilitetemeka, picha ndogo ya mtoto ikawaka, maneno yaleyale ya Kiingereza: mtoto analia. Na uso wa Osewe ukakunjika, mdomo ukatanuka, machozi yakaruka. Ilitetemeka tena. Na tena. Niliacha itetemeke. Nilimkumbatia huku ikinitetemesha na nilitaka isikome kamwe.

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye njugu zilizomwagika. Alinishika magoti. Alikuwa anasema jambo lilelile, na ilibidi nimwinue kidevu ili nione midomo.

"Sikusikia. Joan, sikusikia kitu. Nilikuwa hapa. Sikusikia."

Nikamjibu kwa sauti yangu ile mbaya, "Hakukuwa na kitu cha kusikia, Mama."

Jumapili, 4 Mei

Tulimpeleka Osewe kliniki jana hiyohiyo. Daktari amempima, yuko sawa. Leo amekula uji na kumvuta Ken ndevu.

Mama hakwenda kanisani. Alizifagia njugu zote, hadi zile za gunia, akampa Audrey. Kisha akaniita nikae. Ken alikaa katikati yetu kutafsiri, lakini Mama aliongea polepole akiniangalia mimi, na sehemu kubwa niliisoma mwenyewe.

"Nilizaa sita," alisema. "Nikazika wawili. Mmoja alilala kando yangu akiwa mzima, asubuhi hakuamka. Mimi na masikio yangu yote mawili. Watu wa boma walisema, mama gani huyo hakusikia. Walisema miaka mingi. Nilipokuona wewe nilisema, huyu naye watamsema, na mtoto atakuwa amekwisha. Nikataka kumtoa kabla." Akaweka mikono mapajani. "Ile siku ya stima, nilikuwa nakupima na kipimo kile walinipima nacho."

Mwezi mzima nimemwandika hapa kama mwanamke mgumu. Nilimwangalia mikono yake mikubwa, imekaa kwenye mapaja vilevile kama siku ile, na nikaona kwamba siku ile pia ilikuwa imeshikana ili isitetemeke.

Nilimwambia Ken amwulize jina la yule mtoto. Anaitwa Nashon.

Jumanne, 6 Mei

Mama amenishika mkono akauliza: mtoto, kwa vidole, ni vipi? Nikamwonyesha, mikono miwili ikibembea. Akafanya. Alifanya kana kwamba anabeba gunia.

Jumatatu, 12 Mei

Maji. Uji. Lala. Amka. Amelowa. Njoo. Hayo anayajua. "Polepole" anakosea, inatoka "mbuzi", na Osewe anacheka kila mara.

Jumanne, 20 Mei

Nanyama ameniuliza kwa video kama saa ina faida au ameniharibia mkono bure. Nilimwambia ina faida. Nikiwa nje na jua linawaka, inanipa mtoto wangu. Mvua ikinyesha, ninafanya kwa macho kama zamani, na Mama anafanya pamoja nami: ameanza kukaa upande ambao anamwona Osewe na mimi kwa pamoja, na kila nikiinua macho nakuta na yeye ameinua. Nilimwambia dada yangu kwamba sijawahi kupokea zawadi kubwa kama ile, hata ikizima kesho. Alilia. Tukalia wote, tukacheka, data yake ikaisha.

Jumapili, 1 Juni

Mbingu imefunguka. Matope ya njia yetu yameanza kuwa na ganda juu. Mama amefunga mfuko wake.

Ken alikuwa ameshika mlango kama mtu anayengoja mashtaka. Mama alimpita. Alikuja kwangu, akaweka mfuko chini ili mikono iwe huru, na akaniambia mwenyewe, bila mtafsiri, akifikiria kila ishara kabla ya kuifanya.

"Mtoto. Kaa. Mama yake."

Kisha akafikiria tena, akatafuta, hakuipata, akamgeukia Ken kwa hasira kidogo: "Niambie ile ya asante." Ken alimwonyesha. Akanifanyia mara mbili, ya pili vizuri.

Nilimsindikiza hadi kwa basi na Osewe mgongoni.

Jumamosi, 14 Juni

Simu ya video kutoka Homa Bay. Nilishangaa, maana Mama huogopa kumaliza data. Alikuwa amesimama uani, jua kali, nyuma yake mwanamke wa rika langu hivi, mwenye kitambaa cha kijani kichwani na mtungi miguuni.

Mama alisema polepole ili nisome. "Huyu ni wa boma la pili. Eddah. Hasikii tangu azaliwe, hajaenda shule. Watu humuita bubu. Anapita hapa kwangu kila siku akienda mtoni. Jana nikamfanyia ile ya 'njoo'. Akatua mtungi chini akaniangalia sana. Nikamfanyia 'maji'. Akalia, Joan." Mama akafuta uso wake kwa mkono usioshika simu. "Nimeishi naye tangu azaliwe. Sijui hata anapenda nini. Muulize wewe."

Akamgeuzia simu.

Eddah hajui ishara zetu, wala mimi sijui zake. Nilimwonyesha Osewe, nikagusa kifua changu, nikafungua mikono yote miwili kuelekea kwake, nikangoja. Aliangalia kushoto na kulia, kama mtu aliyeulizwa swali na hana hakika kama ni yeye. Kisha mikono yake ikainuka. Ilianza kidogo, karibu na tumbo, kwa aibu. Mto, nadhani. Samaki. Kitu kirefu, pengine nywele za mtu, pengine mtoto wa dadake. Ikapanda hadi kifuani, ikapanda hadi usoni, ikawa haikomi, na nusu yake sikuielewa na sikumkatiza.

Picha iliyumba. Mama alikuwa amechoka kushika simu, akaihamishia mkono wa pili.